Zamu ya Mwiko

Mama Keki hakuwa mtu wa kulialia mbele ya simu. Muda angeutoa wapi? Alikuwa na keki ya harusi inayosubiri kupambwa, mume fundi bomba asiyejua soksi zake zilipo, watoto wawili, na mama mkwe mwenye masikio makali kuliko mbwa wa mlinzi. Lakini tangu wezi walipovunja mlango, wakawafungia wote stoo na kuondoka na televisheni pamoja na mashine ya kuchanganyia keki, familia nzima ililala chumba kimoja, kabati la nguo limesukumwa mlangoni. Bibi alipewa kitanda kwa sababu ya mgongo wake, na Mama Keki akajibana pembeni yake. Binti na mdogo wake Kijino walilala kwenye godoro chini. Baba Kijino alikunjwa ukutani kama zulia la wageni.

Mama Keki alitaka chumba chake. Basi akajiandikisha kwa mshauri nasaha anayehudumia familia kwa njia ya mtandao.

"Watoto wameumia moyo," alimwambia siku ya kwanza. "Wewe watengeneze, mimi nirudi kazini."

Mshauri, mwanamke mpole mwenye miwani na ua kubwa nyuma yake, alitabasamu. Hakuchelewa kugundua kwamba katika nyumba ile watu watano walisema kwa mpigo, na mmoja alisema zaidi ya wenzake wote. Akaweka kanuni: chagueni kitu kimoja; anayekishika ndiye anayesema, wengine wanasikiliza.

Mama Keki akaleta mwiko wake. Tangu mashine iibwe, mwiko huo ndio uliokuwa mkono wake wa tatu, na nani amewahi kuazima mkono wa mtu? Kila Jumamosi simu iliegemezwa kwenye kopo la unga, familia ikajibana kwenye kochi, na Mama Keki akatoa ripoti huku ameukumbatia mwiko kama askari na rungu lake.

"Lile zoezi la kila mtu kulala chumbani kwake limeendaje?" mshauri angeuliza.

"Limeshindikana. Watoto bado waoga. Asubuhi wote wako kwangu."

Binti alikuwa akifungua mdomo. Mwiko ulikuwa ukimgeukia. Binti alikuwa akifunga mdomo.

Jumamosi moja, mwiko ukapotea.

Mama Keki alipekua droo, akapekua sinki, akainua hata mito ya kochi. "Nani kachukua mwiko wangu?"

Baba Kijino alitazama dari kana kwamba kuna bomba linavuja huko juu. Bibi alikaa wima mno kwa mtu mwenye mgongo mbovu.

Simu ikaita, mshauri akajitokeza. "Hamjambo? Leo nani anaanza?"

"Mimi, mwanangu," alisema Bibi, na kuchomoa mwiko mgongoni, ndani ya sweta.

"Mama! Huo si..."

"Wewe una mwiko?"

Mama Keki aliigeukia simu kutafuta mtetezi.

"Kanuni ni kanuni," alisema mshauri, na Mama Keki angeweza kuapa kwamba ile miwani ilikuwa inacheka.

Bibi akakohoa kidogo. "Kwanza nina swali linalonikaba siku nyingi. Hilo ua lako ni la kweli?"

"La plastiki, Bibi."

"Nilijua! Haya, nimetua mzigo." Akaupitisha mwiko juu ya mkono wa mkwe wake uliokuwa umeshanyooshwa, akampa mjukuu.

Kijino, aliyeitwa hivyo kwa lile jino moja lililobaki mbele, aliushika kwa mikono miwili. "Mimi siogopi kulala kwangu. Nalala vizuri kabisa. Halafu nikiamka naona niko kwa mama."

"Unafikaje huko?" mshauri akauliza.

"Nabebwa."

Mama Keki akakohoa. Akapiga makofi. Akanyoosha kidole kuelekea jikoni, kisha akatumia mikono yote miwili kueleza kwamba sukari ya kupambia inaganda.

"Mama watoto, hata mikono inyamaze," alisema mumewe.

"Na wewe mwiko umeutoa wapi?" Bibi akamkata.

Zamu ikawa ya binti. "Mimi sibebeki, Dada Mshauri. Mimi naburuzwa na godoro langu. Si kwamba nimepona kabisa, stoo bado siingii. Lakini kulala, tunalala. Anayesukuma kabati ni mama."

Akauweka mwiko mapajani mwa mama yake, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Mama Keki akaushika mwiko. Aliomba mtandao ukatike. Mtandao, ambao siku zote hukatika mtu akiuhitaji, leo ulikuwa imara kama ukuta.

"Kule stoo niliwakumbatia," alisema mwishowe. "Nilikuwa nasikia pumzi zao. Sasa wakilala kule siwasikii. Nisipowasikia wao, nausikia ule mlango. Unavunjwa upya. Basi naenda kuwachukua." Akapangusa pua kwa kiganja. "Mwoga ni mimi. Haya, nimesema. Keki inakauka."

Kijino alimtazama kwa mshangao. "Mama, si ungesema tu? Ningekuwa nakoroma kwa nguvu."

"Kukoroma niachieni mimi," alisema Bibi. "Mkinirudisha kule na watoto, mpaka jirani atajua tuko hai."

Mama Keki akacheka, na machozi yakapata njia.

Wakakubaliana na mshauri: milango ya ndani ibaki wazi, kabati lirudi mahali pake. Mama akishtuka, kwenda kusikiliza ruksa, kubeba marufuku. Na Jumamosi ijayo ataanza yeye, lakini kwa habari zake mwenyewe.

Walilisukuma kabati mchana ule ule. Nyuma yake wakakuta soksi za Baba Kijino, ukoo mzima. Kisha Mama Keki akatandika kitanda chake upya, akaupenyeza mwiko chini ya mto.

"Huo wa nini tena?" mumewe akauliza.

"Wa wezi."

"Utawapiga?"

"Niwapige wanivunjie mwiko? Wakija nitawaambia wanyamaze. Zamu ni yangu."