Nyayo Mlangoni mwa Ndege

Tulinagwe hakupanda gari la Kijapani. Kijiji kizima cha Lupepo kililijua hilo, na zamani halikumsumbua mtu. Landrova ya misheni ilikuwa ya Mwingereza, lori la kubebea chai lilikuwa la Mwingereza, na yeye alipanda yote mawili bila neno. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, malori ya zamani yakafia vichakani, na barabara ya Tukuyu ikajaa pikapu na mabasi madogo yaliyoshushwa Dar es Salaam yakiwa na maandishi ubavuni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Aliyemwambia yametoka nchi gani alikuwa mwanawe mwenyewe, Ambwene, mwalimu wa fizikia, mtu ambaye akiulizwa swali hujibu. Tangu siku hiyo mama yake alikwenda mjini kwa miguu.

Sababu ilikuwa mumewe. Ambindwile alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, Ambwene akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari, kupigana na Wajapani, na huko akafa. Mwili haukurudi. Aliyerudi ni Rubeni wa Masoko, waliyekuwa naye kikosi kimoja, na siku ya kilio alisimama mbele ya watu akasema maneno machache: "Ndege ilikuja chini, chini sana, mpaka nikaona nyayo za watu mlangoni. Ikapita. Ambindwile akawa amelala." Akakaa. Hakuna aliyeuliza ndege ya nani. Ndege ya kumuua askari wa Mwingereza ingekuwa ya nani, kama si ya adui? Wanawake wakaangua kilio wakimlaani Mjapani, na Tulinagwe akayatunza maneno ya Rubeni kwa miaka hamsini, neno kwa neno, kwa kuwa hakuwa na kaburi la kupalilia.

Sasa alikuwa amelala kitandani, kifua kikikoroma. Tabibu wa zahanati alikuwa amemsikiliza mgongoni na kusema ni nimonia, apelekwe hospitali ya Igogwe leo hii, asilale hapa. Nje, mvuani, ilisimama pikapu ya Asajile, kijana wa jirani, godoro nyuma na turubai juu. Walikuwa wamejaribu kumwinua mara moja. Alipofika mlangoni aliushika mwimo kwa nguvu ambazo hawakujua amezitoa wapi, wakamrudisha kwa kuogopa kumvunja vidole.

"Bibi," Asajile alisema, akichungulia ndani huku maji yakimchuruzika kofiani, "Mjapani mwenyewe hajui kama gari hili bado lipo hai."

"Kama yeye halijui, mimi nalijua."

"Injini nimeibadilisha, breki nimezibadilisha. Kilichobaki cha Kijapani ni honi. Sitapiga honi."

"Kaipigie ng'ombe wako," alisema Tulinagwe, kisha kikohozi kikamkamata kikamtikisa mpaka Sekela, mkwe wake, akamshika mabega.

Sekela alimvuta mumewe uani. Alimjua, alikwisha kuona usoni mwake kwamba anataka kumwambia mama yake lile jambo la ndege.

"Usimwambie," alisema. "Ngoja alegee, tumbebe."

"Akilegea hatafika."

"Ambwene, maneno ya Rubeni ndiyo aliyonayo."

Jambo lenyewe alilipata mwezi uliopita, kwenye banda la video karibu na stendi ya Tukuyu, alikokwenda kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wakisimulia darasani mambo ya ndege yasiyowezekana. Ukanda ulikuwa wa vita vya zamani. Ilipita ndege ya injini mbili juu kidogo ya miti, na ubavuni, nyuma ya bawa la kushoto, palikuwa na mlango mpana usio na kitasa wala kifuniko. Ndani walilala watu chali, na nyayo zao zilionekana wazi, zikisukuma magunia. Vijana walicheka. Ambwene hakucheka. Alitoka kabla ukanda haujaisha, akafungua vitabu vyake vya zamani, akapima kila neno la Rubeni dhidi ya kila umbo la ndege. Lilikaa katika ndege moja tu.

Sasa akaituma pikapu ya Asajile kumchukua Rubeni, maana hakutaka kumwambia mama yake jambo lisilo na shahidi. Mzee alikuja na fimbo na kofia ya sufu, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda, wakasalimiana Kinyakyusa, taratibu, kama watu wasio na haraka.

"Mama," Ambwene alianza, "ndege ya kivita ya Mjapani, ile iliyokuwa ikishuka kupiga askari, ilikuwa na injini moja na kiti kimoja. Rubani kafunikwa na kioo. Bunduki zake ziko puani, zinapiga kupitia katikati ya pangaboi. Haina mlango wa watu kuonyesha nyayo."

"Basi ilikuwa ya mabomu."

"Ya mabomu hufunguka tumbo, si ubavu. Na bomu lingewaua wengi. Tata Rubeni, ulisikia bunduki siku ile? Ulisikia bomu?"

Rubeni alitikisa kichwa. "Sikusikia. Na sikusema nimesikia."

"Ilikuwa Dakota," Ambwene alisema. "Ya Waingereza. Iliundwa kubeba abiria. Vita vilipokuja wakaondoa viti, wakang'oa mlango. Haikuwa na bunduki hata moja. Bonde walilokuwa wakipigania halikuwa na barabara wakati wa mvua, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kulisha jeshi. Risasi na dawa zilishushwa kwa miavuli. Chakula kilitupwa bila miavuli, maana ilikuwa michache. Gunia lilijazwa nusu, likatiwa ndani ya gunia lingine kubwa, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Rubani alilazimika kuruka chini sana, la sivyo chakula kingeangukia kwa adui."

Mama yake alikuwa akimtazama kama anavyotazamwa mtu anayesoma tangazo la serikali.

"Kulisha," alisema.

"Ndiyo, mama. Hakuuawa na Mjapani. Aligongwa na gunia."

Mvua ilipiga bati. Tulinagwe aligeuza kichwa kwa Rubeni. "Ni kweli, shemeji?"

"Tuliamriwa tukae kando mpaka imalize mizunguko," Rubeni alisema. "Yeye alidhani imemaliza. Alikimbia mbele. Tulikuwa hatujala, shemeji. Alikimbia akicheka."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mlikuwa mmeshaanza kulia vizuri."

Tulinagwe alivuta blanketi mpaka kifuani.

"Gunia lilikuwa la nini?"

"Unga."

"Mliula?"

Rubeni alivua kofia, akaishika magotini.

"Tuliula," alisema mzee. "Lilipasuka la ndani tu."

"Ndaga," akasema Tulinagwe, kama mtu anayeshukuru kwa kupewa njia. Kisha akanyoosha mikono. "Niinueni."

Hakushika mwimo. Walimlaza kwenye godoro chini ya turubai, Ambwene akaketi kando yake akimkinga na mitikisiko.

"Haya, Mjapani kasamehewa!" Asajile alisema, akipanda kwenye usukani. Akawasha injini, akaendesha mpaka Igogwe.

Huko walimpiga sindano za kutosha, na homa ikashuka. Muuguzi alimsikiliza kifua akasema mapafu yanafunguka. Siku hiyo Ambwene alitembea wodini kama mtu aliyefanya hesabu ngumu na jibu likakubali.

Wakaleta uji. Tulinagwe alifumba midomo. Walidhani ni uchungu wa dawa. Kesho yake Sekela alipika ndizi kwa maziwa, kama anavyozipenda, akazifunika kwa majani zisipoe. Tulinagwe alizigusa kwa kidole na kuurudisha mkono chini ya blanketi. Waliomba, walibembeleza, mchungaji akaja. Aliwajibu wote kwa upole, akanywa maji, hakula.

"Mama, umepona," Ambwene alimwambia. "Kifua ni kizima. Huna kinachokuzuia."

"Walikula wote," alisema mama yake, macho dirishani. "Yeye ndiye hakula."

Sekela alitoka akasimama barazani, na Ambwene alipomfuata hakugeuka.

"Ulitaka apande gari," alisema. "Amepanda."

Ambwene alitafuta kosa katika yale aliyoyasema kitandani kule Lupepo: injini, mlango, miavuli, gunia ndani ya gunia. Hakuliona. Alirudi ndani, akachukua kikombe, akaukoroga uji ulioanza kufanya utando, akapuliza kijiko ingawa haukuwa tena wa moto, akakisogeza midomoni mwa mama yake, akangoja.