Kivuli cha Mtamba

Ng'ombe alikuwa anakula vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi mgane kuliko yote. Alisimama zizini na koleo lake, mabuti yamezama hadi vifundoni, akizoa kinyesi chepesi kama uji uliozidi maji. Huku nyuma kunamwagika, kule mbele ng'ombe anatafuna majani mabichi kama mgeni wa harusi. Homa hana, damu hakuna. Lakini mbavu zimetoka, mapaja yamekauka, na chini ya taya unaning'inia uvimbe laini kama mfuko wa maji.

Kwenye ukuta wa mabati, kivuli chake kilikuwa kimekonda vilevile. Wamelingana sasa, mgane alisema moyoni. Maana kivuli kilitangulia. Siku mradi wa kugawa ng'ombe ulipomleta, mtamba mnene anayeng'aa, kivuli chake kilikuwa tayari mifupa mitupu. Mkewe ndiye aliyekiona kwanza.

"Baba, huyu mnyama ameshiba, ila kivuli chake hakijala."

Walikwenda kwa bwana mifugo. Bwana mifugo alikuja, akakitazama kivuli, akakubali kwamba kweli kimekonda, kisha akasema ofisi yake inashughulika na ng'ombe, si vivuli. Akawapa dawa ya minyoo.

Daktari wa maabara, binti asiyependa maneno mengi, ndiye aliyewaambia ukweli. Alichukua damu na kinyesi, akarudi na jibu: paratuberkulosisi. Kimelea chake humwingia ndama akiwa mchanga, kwa kinyesi kilichoganda kwenye chuchu au kwa maziwa yenyewe. Kinakaa kimya miaka, kinaufanya utumbo kuwa mnene, hadi siku chakula kinapita tu bila kushika popote. Dawa hakuna.

"Akizaa, mama, mwondoe ndama kabla hajanyonya. Mweke pakavu, pasafi, mpe maziwa ya ng'ombe mzima. Na mbuzi msiwachanganye naye, wanaambukizwa pia."

Aliwaandikia wakubwa kwamba shamba la mradi lipimwe lote. Mwezi haukuisha akahamishiwa idara ya nyuki.

Mradi nao haukukaa bure. Sherehe za kukabidhi mitamba, zilizokuwa zikifanyika asubuhi, zilihamishiwa saa sita mchana, jua likiwa utosini na kila mnyama amekifunika kivuli chake.

Mkewe alikuwa ameshaandaa kibanda cha ndama, amekitandika nyasi kavu. Ila ng'ombe alizaa siku walipokuwa wanamzika yeye. Mgane aliporudi kutoka makaburini, ndama alikuwa ameshaanguka kwenye kinyesi, ameshasimama, ameshanyonya. Jike. Zuri, laini, na mbavu zote za kivuli chake zinahesabika.

Mama wa ndama alianza kuharisha baada ya hapo. Mwishowe akafa, mdomoni bado anatafuna.

Kanuni ya mradi ilikuwa moja: jike la kwanza unalirudisha likishakua, apewe mwenzako. Mwenzako mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mshona nguo mwenye watoto na mbuzi wa maziwa. Mbuzi hao ndio waliokuwa chai ya nyumba ile, na sabuni, na daftari za shule.

"Simtoi, shemeji," mgane alimwambia.

"Maziwa ya ng'ombe wako ulikunywa. Ya wangu ndiyo yamekuwa na wadudu?"

"Kivuli chake hukioni?"

"Nakiona. Na changu mimi, umewahi kukitazama? Nikimkataa huyu wananifuta kwenye mradi."

"Atakumalizia mbuzi."

"Atawamaliza miaka ijayo huko. Mimi shida yangu ni ya Jumatatu."

Mwenyekiti wa mradi alikuja asubuhi na pikapu, dereva na askari.

"Kichwangumu! Mali ya mradi hiyo. Fungua."

"Fungueni wenyewe. Mikono mnayo, kupokea mnajua."

Askari alimfungua yule ndama, sasa mtamba mzima, akamtoa nje. Jua lilikuwa bado chini, kivuli kikalala mbavu kwa mbavu uwanja mzima. Mgane akapiga hatua, akakikanyaga shingoni kwa buti. Mtamba akasimama. Askari alivuta kamba, dereva alisukuma kwa nyuma hadi shati likalowa. Hakutikisika.

"Amekanyaga kivuli," dereva alieleza.

"Naona," mwenyekiti alisema. "Tusubiri saa sita."

Wakaletewa viti. Saa sita kivuli kiliingia chini ya tumbo. Mgane alivua koti, akatambaa kati ya miguu ya mtamba, akakilalia. Wageni walikuwa wameshafika wamevaa vizuri, basi sherehe ikafanyiwa palepale. Mwenyekiti alihutubia juu ya mafanikio. Shemeji alikabidhiwa kamba, watu wakapiga makofi.

"Mzee, vuta miguu ndani," mpiga picha aliomba. "Inatokea kwenye picha."

"Ipige na miguu."

Ikapigwa na miguu. Wakanywa soda, wakaondoka.

Shemeji alibaki ameshika kamba, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Jua lilipozama hapakuwa na kivuli cha kukanyaga, na mtamba akamfuata mwanamke taratibu hadi kwake. Mgane aliyasugua mabuti kwa dawa hadi kwenye nyufa za soli, asije akawapelekea mbuzi uchafu wa zizi lake.

Kulipopambazuka alikuwa uwanjani kwa shemeji. Mtamba alikuwa amefungwa mwisho kabisa wa uwanja, mbali na mbuzi, na koleo jipya limeegemezwa kando. Mgane alisubiri jua litokee, akaweka buti juu ya kivuli, mtamba asiwasogelee mbuzi.

Watoto walipita kwenda shule wakamwamkia. Shemeji alimletea chai.

"Utasimama hapo hadi lini?"

"Hadi walipime lile shamba la mradi."

"Hawalipimi, shemeji. Unawajua."

"Na mimi wananijua."

"Wanakujua, ndiyo. Wanakuita chizi."

"Waje waniite hapa hapa, nasikia vizuri."

Shemeji alicheka bila kutaka, akaenda kukamua mbuzi.

Lori la mradi lilipita barabarani limejaa mitamba wanono wa kugawiwa watu wengine, vivuli vyao vya mifupa vikikimbia juu ya nyasi za kando. Mwenyekiti, ameketi pembeni ya dereva, alipunga mkono kama kawaida. Mgane hakupunga. Jua lilikuwa linapanda na kivuli kinasogea, naye akasogea nacho, kikombe mkononi, bila kuinua buti.