Tangi Nyuma ya Pazia

“Umeniulia samaki!”

“Nimekuoshea! Tangi lilijaa utelezi mpaka kwenye kioo, nikaona aibu kwa niaba yako.”

Wapangaji sote tulikuwa tumeshatokea koridoni. Mshonaji alikuwa ndiyo kwanza anarudi safarini, begi bado begani. Jirani yake, tunayemwita Mama Usafi kwa kuwa huwavulisha wageni viatu tangu kwenye ngazi, aliachiwa ufunguo awalishe samaki, basi. Lakini mikono ilimwasha. Akamwaga maji yote, akasugua mawe kwa sabuni, akakamua sponji ya kichujio bombani mpaka ikang’aa, kisha akajaza maji mapya. Maji yalikuwa maangavu kweli. Samaki wadogo wote walielea kiubavu.

Alibaki mmoja, wa rangi ya chungwa, aliyeachwa na marehemu mama wa mshonaji. Alikuwa juu kabisa, akihema.

“Utelezi ule ndio uliokuwa ukila uchafu wao,” mshonaji alisema. “Na maji ya bomba yana dawa, huwa nayalaza kwenye ndoo kwanza. Sasa huyu nimweke wapi?”

Mume wa Mama Usafi, fundi redio, akakohoa. “Si lipo lile la kwetu?”

“Hebu nyamaza, baba!” mkewe akamkatiza.

Ndipo tulipojua. Kwa mwanamke anayefuta hadi balbu, nyuma ya pazia kulikuwa na tangi ambalo mumewe alimkataza kuligusa, sponji yake nyeusi kama masizi.

Mama Usafi alitutazama mmoja mmoja. Akamtazama samaki.

“Mlete. Na nyinyi, acheni kuchekacheka.”

Samaki akapitishwa mbele yetu kwenye mfuko wa plastiki. Fundi akauacha mfuko uelee ndani ya tangi lake, akawa anautilia maji ya humo, kikombe kimoja kimoja.

“Tukimtumbukiza ghafla, tunammaliza,” alisema. “Acha ayazoee.”

Ikabidi kungoja. Mshonaji alisimama mlangoni, mikono kifuani, hasalimii mtu. Hatimaye fundi akainamisha mfuko. Samaki akatoka, akazunguka jiwe lenye utelezi, akashuka chini akatulia.

Mama Usafi aliongeza sahani mezani bila kugeuka.

“Utasimama hapo mpaka lini, dada? Ingia ule. Leo hata viatu usivue.”