Nyumba Iliyopimwa Uani

Elodia Choque aliutandaza mtambo wote uani: paneli mbili za sola zilizotazama kaskazini, betri juu ya gunia, na kidhibiti chaji kilichofungwa kwenye ubao. Ulikuwa unakwenda Vila Pukara, juu kabisa kwa wafugaji wa lama, ambako mtu akitaka kuchaji simu ilimbidi ashuke kwa miguu nusu siku mpaka barabarani. Huko hakuna duka la waya, na baridi hukufanya ushike koleo kwa vidole kama vya kuazima. Elodia alitaka kila kitu kijaribiwe na kukatwa hukuhuku Challapata.

Shemeji yake Primitivo, mwenye lori, alikaa kizingitini akitafuna majani ya koka.

"Shemeji, tunapeleka sola au tunamwandaa bibi harusi?"

"Kama una haraka, njoo ushike waya."

Primitivo akaja, akaukamata waya wa paneli na kuuelekeza kwenye kidhibiti. Elodia akampiga kofi mkononi.

"Betri kwanza. Kidhibiti kiijue betri yake, ndipo kiletewe jua."

"Kumbe kama posa. Uonyeshwe kwanza ukweni."

Taa ya kijani ikawaka. Elodia akachomeka simu ya mama mkwe wake, nayo ikaanza kula chaji. Mwenyewe, Bibi Saturnina, alikuwa anafuma karibu na ukuta na hakuinua macho.

"Hata ikijaa, nimpigie nani? Hilaria hapokei tangu sikukuu ya karnivali."

"Mama, simu ya dada yako imezimika. Ndiyo maana tunampelekea mtambo."

"Simu huzimika siku moja. Kiburi ndicho hudumu."

Mtambo ungewekwa nyumbani kwa huyo Hilaria, na hapo ndipo Elodia alipokwama. Waya ulipaswa kushuka kutoka paani, upite ukutani mpaka kwenye pembe ya betri, na yeye hakuwahi kuiona nyumba hiyo. Primitivo alifika mara moja, akaishia kwenye zizi.

"Kata mrefu tu," alisema.

"Ukizidi, umeme unapotelea njiani. Ukipungua, utaunganisha kwa meno yako."

Saturnina ndiye aliyezaliwa katika nyumba ile. Lakini Elodia alikuwa ameishi naye vya kutosha kujua kwamba ukimwuliza jambo la Hilaria, utajibiwa kwa mgongo. Akampazia Primitivo sauti.

"Nadhani mlango umetazama magharibi."

Mkono wa Saturnina ukasimama juu ya nyuzi.

"Magharibi? Upepo utuzimie moto? Nani kakudanganya?"

Akainuka, akaokota mawe, akaanza kuijenga nyumba juu ya vumbi. Mlango huu hapa. Jiko hili hapa. Hapa baba alitundika kamba zake, na hapa wao wasichana walilala juu ya ngozi, Hilaria akilivuta blanketi lote. Primitivo akataka kukatiza juu ya mawe.

"Pita mlangoni, we. Umelelewa na nani?"

"Na wewe, mama."

Saturnina akabaki katikati ya mawe, mikono kiunoni, akatazama huku na huku kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Elodia alimwacha. Kisha akauzungusha waya kandokando ya mawe, akaukata, akafunga ncha zake vizuri na kuzitia alama kwa nyuzi za mama mkwe, nyekundu na nyeusi.

Kesho yake asubuhi Saturnina akaleta pombe kidogo ya kumnywesha Mama Ardhi, aibariki safari.

"Mwaga chini, mama, si kwenye betri," Elodia akamwomba.

"Betri nayo inasafiri," akajibu bibi, akainyunyizia tone.

Vila Pukara, Elodia na Primitivo walipokelewa na Hilaria, mwanamke mfupi mwenye kucheka. Paneli zikapanda, waya ukashuka, ukafika kwenye pembe yake, kisha ukaendelea kujikunja sakafuni kama nyoka aliyeshiba. Nyumba ilikuwa karibu nusu ya ile ya uani. Elodia akakumbuka kwamba Saturnina aliolewa akaondoka hapo akiwa bado msichana mdogo. Akatoa koleo, akaanza kukata upya kwa vidole vilivyokufa ganzi.

"Maandalizi mazuri, shemeji," Primitivo alisema, akimshikia taa.

Simu ya Hilaria ilipopata uhai, alimpigia dada yake. Ikapokelewa papo hapo.

"Saturnina, nyumba ya baba uliiongeza lini? Waya uliobaki unatosha kufunga lama wote wa bonde."

Sauti ya Saturnina ikajaza chumba kizima: "Ninyi ndio mmeipunguza! Ukuta wa mashariki mmeupeleka wapi?"

Hilaria akaketi juu ya ngozi, akajifunga shali vizuri, akaanza kumweleza habari za kila ukuta, mmoja baada ya mwingine. Elodia alikuwa anaihitaji simu ile amalizie majaribio ya kuchaji. Alisubiri kidogo, akaona hakuna dalili ya kumaliza, akachukua kiazi na jibini, akatoka kukaa nje juani na Primitivo.