Mlima Uliopata Tisini na Moja

Haya ni kweli tupu, hayana chumvi wala limau, na anayebisha apande mlima mwenyewe akahesabu mbuzi.

Asubuhi ya ukaguzi, mke wa mzee Kweli Tupu alikuwa amekaa kizingitini, mguu wa kushoto ameulaza juu ya gunia. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kuwa cheusi nchani. Chupa yake ya dawa ya sukari, ile ya kuchoma sindano, ilifukiwa kwenye chungu cha mchanga uliolowa, maana jokofu la karibu lilikuwa bondeni, mwendo wa kutwa, ng'ambo ya korongo ambalo kila masika lilikula njia.

"Imebaki ya wiki mbili," alisema mke. "Nikijibana, mwezi."

"Hutajibana. Leo tunapata ghala."

Kweli Tupu alikuwa mstaafu wa idara ya barabara. Miaka thelathini alipasua mawe ya barabara ambayo haikufika kwake. Jina alilipata kwa hadithi zake: kila uongo aliutanguliza kwa kiapo kwamba ni kweli tupu, na watu wakamlipa kwa kicheko.

Mtathmini alikuwa anakuja kupima kama watu wa mlimani wanaweza kujikimu siku tisini njia ikikatika. Vijiji vitatu vingekaguliwa, kimoja kipewe ghala la dharura: nafaka, jokofu la umeme wa jua, na muuguzi wa kukaa hapo hapo. Kijiji kizima kilikuwa kimekutana kujadili.

"Tangi la maji tulinyimwa kwa nini?" aliuliza shemeji wa Kweli Tupu, dada wa mkewe, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza nyani. "Walisema hatujajiandaa! Wenzetu walikuwa wameshachimba mtaro. Hawa watu ukiwalilia wanakukimbia. Tuwaonyeshe tunaweza."

Ikakubaliwa. Magunia yakajazwa maganda, juu yakatandazwa mahindi. Kijiji kilikuwa na mbuzi arobaini na mmoja, wote kwa jumla. Walikusanywa kwenye boma la kwanza.

Mtathmini alifika akihema, mama mnene mpole, buti mpya, kishikwambi kifuani. Alihesabu mbuzi arobaini na mmoja, akabonyeza. Kweli Tupu akamkalisha, akampa chai, akamsimulia jinsi alivyopasua jabali kubwa kama kanisa kwa nyundo moja. Wakati huo shemeji alikuwa anawaswaga mbuzi nyuma ya kilima kwenda boma la pili. Wakafanya hivyo boma kwa boma, yote sita.

Boma la nne mama alisita. "Huyu wa pembe moja si nimemwona kule chini?"

"Ni ukoo, mama. Babu yao alikuwa na pembe moja. Kweli tupu."

Mama akacheka, akabonyeza.

Boma la sita lilikuwa la Kweli Tupu. Mkewe alikuwa bado kizingitini, amejifunika shuka mpaka kwenye nyayo kama alivyoagizwa.

"Mna wagonjwa wa kudumu?"

"Wagonjwa? Huku watu wanakufa kwa uzee, tena mpaka waombwe."

"Na wewe, bibi? Hujambo?"

Mke alimtazama mumewe. "Sijambo, mwanangu," akasema.

Barua ilifika pamoja na mvua. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma mara mbili. Kijiji kimepata alama tisini na moja kwa mia. Hongera. Ghala limepelekwa kwa waliopata thelathini na nne. Na kwa kuwa kijiji kinajitegemea, muuguzi aliyekuwa akipanda na dawa kila mwezi hatapanda tena.

"Sasa tumefaulu au tumefeli?" aliuliza shemeji.

Chupa ilipobaki na tone la kuzunguka chini, Kweli Tupu alishuka. Korongo lilikuwa limeshakula njia; alivuka kwa mikono na magoti. Ofisini alimkuta ofisa wa dharura, kijana nadhifu ambaye watu walimwita Bwana Maafa. Nyuma yake jokofu jeupe lilikuwa linanguruma.

"Mzee wetu wa mfano!" Bwana Maafa alisimama, akampa mkono. "Umeleta mchango?"

"Mchango gani, mwanangu? Nimefuata dawa ya sukari. Ya mke wangu."

"Kijiji kinachojitegemea kinachangia moja ya kumi ya mifugo kwa wasiojiweza. Nyinyi mna mbuzi mia mbili arobaini na sita. Nimewapunguzia, leteni ishirini na wanne."

Kweli Tupu alivua kofia. "Nilidanganya. Ni mbuzi wale wale. Tuliwazungusha."

Bwana Maafa alicheka mpaka akatoa kitambaa. Kisha akafunga mlango.

"Mzee, taarifa imeshapanda juu, imesifiwa. Unataka niandike kwamba watu wangu hawamtambui mbuzi? Kama ni uongo, mwenyekiti wenu na kila aliyeshika fimbo siku ile analala ndani. Kama ni kweli, ni mbuzi ishirini na wanne, Ijumaa. Ni ipi?"

Mzee alitazama jokofu. Aliwaza sauti ya shemeji ikitoka nyuma ya nondo.

"Ni kweli," akasema.

"Kweli tupu?"

"Kweli tupu. Na dawa?"

"Dawa za hapa ni za wasiojiweza, baba. Usiniharibie hesabu."

Ijumaa aliwashusha mbuzi. Wawili walichukuliwa na korongo, ikabidi arudi kufuata wengine wawili. Karani alimpaka kila mmoja rangi mgongoni, akatoa stakabadhi. Kijiji kilibaki na mbuzi kumi na watano.

Jumamosi, akipanda kurudi mikono mitupu, alikuta watu kwenye mlango wa kijiji. Vibarua kumi na wawili walikuwa wamevuka korongo kwa kamba, wakivusha mifuko ya saruji na bango la chuma refu kuliko mlango wa nyumba. Walikuwa wameshachimba shimo. Bango lilisema: KIJIJI CHA MFANO. HAPA TUNAJITEGEMEA.

"Mzee, tusaidie kidogo," alisema msimamizi. "Shika hapa lisipinde. Saruji ikikaza unakwenda zako."

"Inakaza lini?"

"Kwa mvua hii? Labda jioni."

Alishika, maana ndivyo alivyozoea kwa miaka thelathini: msimamizi akisema shika, unashika. Chuma kilikuwa baridi. Huko juu, kwenye boma la mzee, shemeji, aliyebaki na mgonjwa, alitoka nje, akaweka mikono kichwani. Akaita mara moja. Akaita tena, na sauti haikuwa ile ya kufukuza nyani.

Mzee aliinua mkono mmoja kumwitikia. Bango likayumba.

"Usiachie, mzee!" alifoka msimamizi. "Litapinda!"