Weupe Kabla ya Siku Yake

Goreth alikuwa mwanamke wa kujitengenezea. Sabuni aliipika mwenyewe uani kwake Katumba, makazi ya wakimbizi nje kidogo ya mji wa Mpanda. Majivu ya maganda ya ndizi na makapi ya maharage aliyajaza kwenye chungu chenye matundu chini, akamimina maji juu, kisha akangoja. Yale maji yaliyodondoka, mekundu kama chai na makali ya kuchubua ngozi, aliyachemsha pamoja na mawese mpaka yakashikana. Nta waliyomwachia warina asali aliiyeyusha na mafuta, ikawa dawa ya visigino vilivyopasuka. Nguo za kanisani alizitia uji mwepesi wa muhogo, zikipigwa pasi ya mkaa zinasimama zenyewe.

“Mama Hana,” jirani yake Monika alikuwa akimtania, “siku moja utatupikia hata chumvi. Wenye maduka watafunga, watarudi kwao walie.”

“Waache walie. Mie nimelia bure miaka mingi, hakuna aliyefunga duka.”

Wakacheka. Lakini mwaka huo wa tisini na sita kicheko hakikudumu katika ua ule, kwa sababu kila wakigeuka walimwona Emelyne.

Emelyne alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka minne. Mama yake, Hana, binti pekee wa Goreth, alikuwa ametangulia. Baba yake, Arcade, akafuata wakati wa mvua, baada ya kuugua mpaka kitanda kikamwonea huruma. Tangu siku waliyomfukia Arcade, mtoto hakusema tena. Alikaa ameegemea ukuta, mikono mapajani. Ukimlisha anameza. Ukimbeba anabebeka. Kuku akipita juu ya miguu yake haiondoi.

Siku ya maziko, Séverin, kaka mkubwa wa Arcade, alimwangalia sana yule mtoto. Séverin aliishi Mishamo, kwenye makazi mengine ya wakimbizi, mwendo wa lori kutwa nzima.

“Mama mkwe,” akasema, “kwa sasa abaki kwako. Umemzoea na yeye amekuzoea. Tukikaa kumaliza msiba baada ya mavuno, wazee wa ukoo watamwona. Akiwa ameinuka, sina neno, ni wako umlee. Akiwa bado hivi, nitamchukua.”

Alisema kwa adabu, akiwa ameshika kofia yake mikononi. Goreth hakusahau ile kofia. Mwingine angeamuru tu. Lakini alijua pia Mishamo ni wapi. Mkimbizi hakutoka makazi haya kwenda yale bila kibali cha ofisi, na magoti yake hayakuweza tena kupanda lori. Mtoto akienda Mishamo, ndiyo basi.

Kwa hiyo Goreth akaanza kumtafuta mtoto ndani ya yule mtoto. Alimpigia povu la sabuni kwenye besheni, akalipuliza likaruka. Emelyne hakuligusa. Alimfinyangia ng’ombe wa udongo wenye pembe ndefu kama wale wa Wasukuma waliopita na mifugo yao. Emelyne alimtazama ng’ombe, kisha akatazama ukuta. Goreth akampikia viazi vitamu, akamwimbia nyimbo za kwao, akamlalia pembeni mchana kutwa. Ilikuwa kama kumwagia maji jiwe.

Mara nyingi alikata tamaa. Alikuwa anaingia ndani, anajifanya anatafuta kitu, anakaa juu ya kinu na kujiuliza Mungu amemwachia huyu mtoto wa nini, kama amemwachia ganda tu. Mara moja Monika alimkuta hivyo. Alichukua ndoo akaenda kumtekea maji, akarudi, akaitua mlangoni, akaondoka. Goreth alisikia mlio wa ndoo ikitua, akapata nguvu ya kusimama.

Ikawa Jumamosi moja, Goreth ametia uji wa muhogo nguo za kwaya, sufuria ikabaki na mabaki ya vuguvugu. Akaiweka chini karibu na mtoto, akaenda kuanika. Aliporudi akasimama palepale, kitambaa bado begani. Emelyne alikuwa ametumbukiza mkono ndani ya sufuria. Alikuwa anaufumba na kuufumbua, uji ukimtoka katikati ya vidole.

Goreth hakuthubutu hata kukohoa. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu aliyemwona ndege adimu, akakaa chini nyuma ya kamba ya nguo akilia bila sauti.

Tangu hapo akawa anapika uji ule kila siku. Alikwangua muhogo, akauchuja kwenye kitambaa, akaacha unga wake utuame, akaukoroga kwanza na maji baridi ndipo akapeleka motoni. Akaugawa kwenye vifuu. Kimoja akatia masizi ya chungu, kimoja udongo mwekundu, kimoja majani ya maharage aliyoyaponda mpaka yakatoa kijani, cha nne akakiacha bila rangi. Akatandika gunia uani, akamvua mtoto gauni. Emelyne akapaka gunia, akapaka mapaja yake, akapaka mawe ya jikoni. Siku ya kwanza alipaka taratibu. Siku zilivyokwenda akawa anapiga uji kwa viganja, unaruka mpaka kwenye majani ya mgomba. Ua ukawa mchafu kuliko zizi. Goreth, ambaye maisha yake yote alifagia kabla jua halijachomoza, akauacha hivyohivyo.

Monika alikuja siku moja, akasimama mbali.

“Mama Hana, haya mambo ni mazuri. Lakini hicho kifuu cha nne je? Mbona hukukitia rangi? Nyie watu wa ule ukoo hamuogopi weupe kabla msiba haujaisha?”

Ilikuwa kweli. Kwa ukoo wa Arcade, na hata kwao Goreth, mwenye msiba anakaa na vumbi lake na masizi yake. Hapaki udongo mweupe mwilini, wala hapaki nyumba. Siku ya kumaliza msiba, wazee wakishakunywa pombe ya mtama, ndugu wa marehemu ndiye anayeleta udongo mweupe, anampaka kila mtu usoni, ndipo watu wanakuwa huru kuoa, kucheza ngoma na kujipamba. Anayejipaka kabla ya hapo anamfukuza marehemu kwa nguvu. Na marehemu aliyefukuzwa, walisema, haondoki mikono mitupu.

“Hicho si udongo,” Goreth akajibu. “Udongo mweupe siugusi, najua mwiko. Huu ni muhogo. Ni chakula tu, dada.”

“Haya,” akasema Monika. “Wewe ndiye mwenye msiba.”

Mavuno yakafika. Séverin alikuwa amemtuma mtu kusema atakuja kupanga siku, ila hakusema lini. Goreth hakuhangaika sana, kwa sababu Emelyne sasa alikuwa anatoa sauti. Alikuwa anaguna akipaka. Mara moja alicheka, kicheko kifupi, kama chafya, mwenyewe akashtuka nacho.

Siku moja rangi ziliisha mapema. Masizi yalikwisha, udongo mwekundu ulikwisha. Sufuria ikabaki na uji mtupu, laini, unaotoa mvuke kidogo. Emelyne alichukua kifuu chake kitupu, akakigeuza juu chini, akamtazama bibi yake.

“Ongeza,” akasema.

Goreth alidhani amesikia vibaya.

“Unasemaje, mama?”

“Bibi, ongeza.”

Ee Mungu. Goreth hakuongeza kwa kifuu. Alichukua sufuria nzima akaimimina kwenye besheni, na mtoto akaingia ndani na miguu yake yote miwili. Akajipaka tumbo, akajipaka mikono mpaka mabegani, akajipaka uso, akabakiza macho tu. Kisha akatoka, akamjia bibi yake aliyekuwa amepiga magoti, akamshika mashavu yote mawili kwa viganja vilivyojaa uji.

“Na wewe,” akasema.

“Na mimi, mama. Nipake. Nipake sana.”

Wakacheza. Jua la kiangazi lilikuwa kali, na uji ule mwepesi ukawakaukia mwilini upesi. Hawakuona unavyokauka. Ulipokauka ukawa mweupe.

Hivyo ndivyo Séverin alivyowakuta. Alikuwa ameazima baiskeli mjini, anaikokota, na mkewe Mariana anafuata na kifurushi kichwani. Walipofika kwenye kona ya ua, Séverin akasimama. Baiskeli ikamponyoka, ikaanguka.

Aliona mtoto wa ndugu yake mweupe tangu unyayo hadi utosi. Aliona mama mkwe wake mweupe usoni, anacheka.

“Mmemaliza msiba,” akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Mmemaliza msiba wa Arcade bila sisi.”

Goreth akainuka, magoti yakamgoma, akainuka tena. “Hapana, baba! Karibuni. Siyo hivyo. Huu ni muhogo. Mtoto anacheza tu. Na amesema! Séverin, mtoto amesema leo!”

“Nani kakupa ruhusa ya kumfukuza ndugu yangu?”

“Ni muhogo, mwanangu. Onja.” Akajikwangua shavuni, akamnyooshea kidole. “Onja uone.”

Séverin akarudi nyuma kama aliyenyooshewa kaa la moto. Ndipo Mariana akatua kifurushi chini, akamsogelea Goreth, akakishika kile kidole na kukitia mdomoni kama mtoto anayenyonya. Akameza.

“Ni muhogo kweli, Baba Melkior,” akamwambia mumewe. “Hauna hata chumvi.”

Séverin akavua kofia. Goreth aliona midomo yake inatetemeka, akajua hana hasira. Anaogopa.

“Mimi nimezika wadogo zangu wote,” Séverin akasema. “Arcade alikuwa wa mwisho. Huyu mtoto ndiye aliyebaki kwao wote. Sasa nimemkuta ana weupe kabla ya siku. Uwe muhogo, uwe unga, uwe maziwa, aliyekufa anaonja? Anaona tu. Anaona mtoto wake ameshakuwa mweupe.” Akafuta uso kwa kofia. “Nikimwacha hapa na akafa, nitasema nini?”

“Hafi. Amepona. Subiri umsikie.” Goreth akamgeukia mtoto. “Emelyne. Mama yangu. Sema lile neno. Mwambie baba mkubwa. Sema, ongeza.”

Emelyne alikuwa ameshaenda ukutani. Ameegemea, mikono mapajani. Baiskeli ilipoanguka ndipo alipoondoka.

“Sema, mama. Bibi anaomba. Sema chochote.”

Goreth akajaza kiganja uji, akamwekea mtoto mkononi. Mkono haukufumba. Uji ukateleza, ukadondoka mavumbini.

“Mama mkwe,” Séverin akasema taratibu, “yatosha.”

Basi ikawa kama desturi inavyotaka. Msiba uliovunjwa huanzwa upya, na huanzia kwa ndugu wa marehemu, siyo kwingine. Mtoto alipaswa kuoshwa na watu wa baba yake, kunyolewa, na kuondoka kabla jua halijazama. Goreth hakuruhusiwa kumgusa mpaka aoshwe, naye mwenyewe ana weupe usoni. Akasimama karibu na mgomba akitazama.

Mariana akapasha maji. Hakutumia baridi, ingawa mumewe alimharakisha. Aliyapima kwa kiwiko kabla ya kumwagia mtoto, na alipofika machoni akayafunika kwa kiganja chake. Kisha Séverin akatoa wembe. Alinyoa vizuri, bila kumkata, akipuliza nywele zisimwingie mtoto masikioni. Goreth aliyaona hayo yote. Kama wangekuwa watu wabaya angepiga kelele, angeita majirani, angelala mbele ya baiskeli. Lakini angemlilia nani, akawashtaki kwa lipi, nao walikuwa wanampenda?

Goreth alipomaliza kunawa uso alikunja gauni la mtoto, akampa Mariana.

“Analala upande wa kushoto,” akasema. “Na ule uji, Mariana. Usiukoroge na maji ya moto moja kwa moja, utafanya mabonge. Anza na baridi. Akitia mkono, wewe kaa mbali kidogo, usimtazame sana.”

“Ninaanza na baridi,” Mariana akarudia. “Nakaa mbali kidogo.”

“Ukishapoa uwe wa vuguvugu tu.”

“Wa vuguvugu, mama. Nimeshika.”

Wote wawili walijua Séverin hataruhusu uji ule uani kwake, si mwaka huu wala mwaka ujao. Mariana alirudia tena yale maneno, polepole, kwa ajili ya yule mama.

Wakamkalisha Emelyne kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, wakamfunga kwa khanga ya Mariana asianguke. Kichwa chake kidogo kilichonyolewa kilikuwa na rangi ya majani makavu. Walipofika barabarani Mariana akasimama, akamgeuza mtoto uso ili aone alikotoka. Emelyne akatazama. Alimtazama Goreth kama watoto wanavyotazama mtu wasiyemjua akipita njia, bila hofu wala furaha, kisha macho yakahamia kwenye vumbi.

Goreth aliinua mkono kumpungia. Baiskeli ikapinda kwenye mihogo ya watu, ikapotea, na bado mkono uko juu. Monika, aliyekuwa amesikia yote akiwa nyumbani kwake, akavuka ua, akaushika ule mkono kwenye kifundo, akaushusha taratibu.

“Utachoka, Mama Hana,” akasema.

Alipouachia tu, mkono wa Goreth ukapanda tena.