Sehemu ya Chini ya Picha

Mama mkwe alikuwa na jicho moja tu la kutegemea. La kushoto lilikufa zamani, likabaki pambo, kama mwenyewe alivyopenda kusema. La kulia ndilo lililotunga uzi kwenye sindano, likasoma maandishi madogo kwenye chupa za dawa, likamnasa mjukuu akichota sukari kabatini. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, ingawa kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina. Mtaa mzima ulimletea mashati yaliyokatika vifungo, na matundu ya vifungo aliyashona kwa mkono, mashine hataki kuisikia. Kwa hiyo asubuhi ile alipoketi mezani akasema anaona vidoa vyeusi vinaelea jichoni na vimulimuli pembeni, hakuna aliyethubutu kumwambia ni uchovu tu.

Mwanawe alikuwa safarini kikazi. Aliyebaki kumpeleka kliniki ni mkwewe, na hapo pana maneno. Si kwamba walikuwa wamegombana, la hasha. Walisalimiana vizuri, wakala meza moja, wakapishana mlangoni kwa heshima zote. Lakini tangu siku aliyoingia nyumba ile, yule binti hakuwahi kuitwa kitu kingine zaidi ya "mke wa mwanangu", hata akiwa amesimama hapohapo mbele. Na kazi yake, jamani, kazi yake ndiyo haikueleweka kabisa. Kazi gani hiyo ya kukaa siku nzima unabofyabofya, jioni ukiulizwa umetengeneza nini huna hata cha kuonyesha?

Kazini kwao alikuwa akiitwa Nukta, kwa sababu nukta moja ikikaa vibaya kwenye programu halali mpaka aione. Na bahati ilivyo na mambo yake, programu iliyokuwa ikiendesha kamera ya macho pale kliniki aliiandika yeye. Mama mkwe aliambiwa hivyo njiani, akajibu, "Ahaa," kama mtu aliyeambiwa kesho kutakuwa na mawingu.

Muuguzi wa macho, mwanamume mpole mwenye koti jeupe lenye mikono mifupi, aliwapokea na uso umemshuka. Akaeleza kwamba alichokiona kwa tochi hakikumpendeza, ila uamuzi si wake. Daktari bingwa wa upasuaji yuko hospitali kubwa, mji mwingine, na anataka picha ya ndani ya jicho kabla hajasema lolote. Kama utando wa nyuma ya jicho umeanza kubanduka, mgonjwa apelekwe leo hii, kwa sababu ukishafika katikati hakuna tena cha kuokoa. Kama haujabanduka, apewe dawa ya matone arudi nyumbani. Sasa shida ni kamera. Inapiga vizuri tu, picha inatokea kwenye kioo, lakini kuhifadhi haihifadhi. Sehemu ya kuchomekea kadi ya kumbukumbu imeungua tangu jana. Alijaribu kuipiga picha ile skrini kwa simu, ikatoka mistari mitupu na mng'ao wa taa, na daktari akasema hiyo hawezi kuamulia jicho la mtu.

Nukta alikijua kile kikasha cha kompyuta kilichokuwa nyuma ya kamera. Kumbukumbu yake finyu, haiwezi kubeba picha nzima kwa wakati mmoja, ndiyo maana iliwekewa kadi. Hakuna kadi, hakuna pa kuitua picha. Akashika tama. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mgonjwa, mikono mapajani, akilifumba na kulifumbua lile jicho la kulia.

Ndipo alipoikumbuka maktaba.

Usifikirie rafu na vitabu. Kwa watu wa kazi yake, maktaba ni rundo la programu ambazo mtu mwingine ameshaziandika na kuziacha wazi, ili wewe usianze moja. Nukta hakuwa ameandika mwenyewe namna ya kugeuza mwanga kuwa faili la picha. Hilo lilifanywa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, zamani, pengine yeye akiwa bado anafundishwa kufunga viatu. Maktaba ile ilipomaliza kukokotoa, iliandika data yake kwenye kadi, kama maktaba zote. Lakini yule mtu aliyeitunga alikuwa na roho nyingine. Mwishoni mwa kazi yake aliacha nafasi na maneno machache ya maelezo, kwamba kama hupendi ninapoitua data, leta funksheni yako mwenyewe, yaani kipande chako cha programu, uiweke hapa, mimi nitakukabidhi kidogo kidogo, wewe uipeleke utakako.

Utakako! Yaani si lazima kadi. Hata kwenye waya.

Basi Nukta akafungua laptopu yake pale pale kwenye meza ya muuguzi, kati ya boksi la glavu na bango la herufi za kupimia macho, akavuta waya kutoka kwenye kikasha hadi kwake. Akaandika funksheni yake. Data ikija, iwekwe kwanza kwenye ndoo, yaani kipande cha ile kumbukumbu finyu. Ndoo ikijaa, imwagwe kwenye waya. Ianze ndoo nyingine. Ndoo akaifanya kubwa, maana waya ule haupendi kusumbuliwa kwa vijiko. Maktaba ikamdai funksheni ya pili, ya kukung'uta kilichobaki kwenye ndoo ya mwisho. Hiyo akaiwekea jina na mabano mawili matupu, ili mashine ikubali, akajisemea nitarudi. Kila mwandika programu amewahi kusema nitarudi, na wengi wao mpaka leo hawajarudi.

Muuguzi akampangia mama mkwe kidevu kwenye kamera, mwanga ukameta, na data ikaanza kuteremka kwenye laptopu. Kisha picha ikafunguka. Duara la rangi ya chungwa, mishipa imetawanyika, weusi pande zote kama picha hizo zilivyo siku zote. Nukta alitaka kumkumbatia mtu. Muuguzi akasogea, akatazama, akasema sehemu ya chini imeingia giza kidogo, ni kope hiyo, watu wazima kope zao nzito. Wakaituma. Baada ya muda daktari akapiga simu, akasema kwa kinachoonekana haoni tatizo, mama apewe matone, arudi wiki ijayo.

Loo, furaha ya chumba kile. Mama mkwe akashuka kwenye kiti, akatengeneza mtandio wake, akamshukuru muuguzi kwa mikono miwili. Hata kwa mkwewe akatupa neno, kwamba kumbe huko kubofya nako kuna faida. Kutoka kwake, hiyo ilikuwa sherehe. Nukta akacheka, akainama kufunga laptopu, na picha ilikuwa bado wazi.

Mkono ukaishia njiani. Lile giza la chini lilikuwa limenyooka. Limekata duara kutoka upande huu hadi ule kama mtu aliyepitisha rula. Sasa kope gani inakata kwa rula?

Akaiona ndoo ya mwisho, ile ambayo haikujaa, imekaa ndani ya kikasha na kipande cha jicho la mama mkwe, inangoja kukung'utwa na funksheni yenye mabano mawili matupu. Haikuwa kope, lilikuwa kosa lake. Na daktari ameshaamua kwa picha iliyokatwa miguu.

"Mama, tusubiri kidogo," akasema. "Picha haijatimia."

Mama mkwe alikuwa ameshashika kitasa. Akageuka polepole, na uso uliokuwa umekunjuka ukajikunja tena. Akasema, "Nimeambiwa niko salama. Wewe ndiye unayetaka niwe mgonjwa?"

Muuguzi naye akasema daktari keshatoa jibu, kumpigia tena ni usumbufu. Na Nukta, tuseme ukweli, aliona mlango wa kupitia. Picha ya pili ikitoka safi, ataonekana mjinga na mkorofi, na lile neno moja la sifa alilolingojea miaka yote litayeyuka hapohapo. Angeweza kunyamaza. Akapiga moyo konde, akasema kosa ni lake yeye, si la mashine wala la kope, na akaomba picha moja tu. Akaketi. Akaijaza ile funksheni tupu. Mistari michache tu, chukua kilichomo, mwaga, hakikisha hakuna kilichobaki. Mama mkwe akarudi kwenye kiti, ametazama ukutani.

Safari hii duara lilitimia. Na kule chini, pale palipokuwa na giza, utando ulikuwa umejikunja kijivu kama shuka lisilotandikwa, ukielekea katikati.

Muuguzi mwenyewe ndiye aliyeinua simu. Daktari akaiangalia picha mpya akiwa bado hewani, akauliza swali moja, kama mgonjwa anaweza kufika kabla chumba cha upasuaji hakijafungwa. Asiiname, asibebe kitu, waondoke sasa hivi. Muuguzi akakimbilia gari la kliniki, na Nukta akamshika mama mkwe mkono, wakamfuata.

Walifika. Jicho lilifunguliwa, utando ukarudishwa mahali pake, na ndani wakatia kiputo cha hewa maalumu cha kuukandamiza mpaka ushike. Kiputo hicho hupanda juu, kwa hiyo ili kifike nyuma ya jicho mgonjwa anatakiwa alale kifudifudi, usiku na mchana, uso chini. Mama mkwe akawekwa kitandani, kichwa kimetokeza ukingoni, paji limeegemea mto wenye tundu, akabaki kuitazama sakafu ya wodi. Wageni wakawa wanazungumza na kisogo chake. Alilalamika kwamba sasa anawajua ndugu zake wote kwa viatu, na wengine viatu vyao havistahili kuletwa mbele ya mgonjwa.

Mchana mmoja wodi ilipotulia, alimwuliza Nukta, bila kuinua kichwa, hasa alifanya nini siku ile. Nukta akamweleza yote. Kadi iliyoungua, waya, ndoo, na kile kipande cha chini alichokiacha mwenyewe ndani kwa kusema atarudi. Hakujipamba. Akasema daktari angeamini picha ile, jicho lingekufa, na sababu ingekuwa yeye.

Kisha kisogo kikatikisika, na ilimchukua Nukta muda kutambua kwamba mama mkwe anacheka. Akasema yeye naye amewahi kumpelekea bwana harusi suti ambayo mshono wa nyuma hakuufungia uzi, akakumbuka akiwa nyumbani, akatoka mbio na sindano mdomoni hadi ukumbini. Kusahau ni kazi ya kila fundi, akasema. Shida ni wale wasiotoka mbio.

"Na huyo aliyeacha ile nafasi," akauliza, "mtu wa hiyo maktaba. Mnajuana?"

"Hapana, mama. Hajui hata kama nipo."

"Aliacha nafasi kwa watu asiowajua?"

"Ndiyo. Nimemshukuru kila siku tangu tufike hapa. Sijui tu nimpelekee wapi."

Mama mkwe akasema basi na yeye anamshukuru, popote alipo, na macho yake huyo mtu yamdumu. Halafu akagonga sakafu kwa kidole, pale chini ya uso wake.

"Njoo hapa nikuone. Viatu vyako nimeshavichoka."

Nukta akatazama huku na huku, akavua viatu, akalala chali sakafuni, akajisogeza chini ya ukingo wa kitanda mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mama mkwe. Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, na kwa sababu ya kile kiputo halikuona ila kitu cha karibu sana. Akaambiwa asogee. Akasogea. Asogee zaidi. Wakabaki pua kwa pua.

"Una kidoa hapo juu ya mdomo," mama mkwe akasema.

"Ninacho tangu kuzaliwa, mama."

"Miaka yote hii, na jicho nilikuwa nalo zima." Chozi likamdondoka, likaangukia shavu la Nukta, na Nukta hakulifuta. "Asante. Asante sana, wewe."

Nesi aliingia na kisahani cha dawa za matone, akakuta miguu mitupu imechomoza chini ya kitanda cha mgonjwa wake. Akasimama. Akauliza kwa ukali hii miguu ni ya nani, kwani hapa ni mahali pa kulala?

"Ni ya mwanangu," mama mkwe akamjibu. "Mruke tu, mwache hapohapo."